Sikuwahi: neno ambalo Gatsby alilidai na hakulipata

Ni karibu saa kumi alasiri, mwishoni mwa kiangazi cha 1922, na joto la siku hiyo limezidi la siku zote zilizotangulia. Watu watano wamekodi sebule katika hoteli ya Plaza jijini New York, na ukiwauliza wamefuata nini pale, hakuna hata mmoja atakayekujibu sawasawa. Wamefungua madirisha, lakini kinachoingia ni hewa ya moto kutoka vichaka vya bustani iliyo jirani. Wana chupa ya wiski iliyoviringishwa kwenye taulo. Ukumbini chini yao watu wengine wanafunga ndoa, na muziki wa harusi unapanda mpaka huku juu. Ndani ya chumba hicho, mume akiwa anasikia, mwanamume mwingine anamtaka mke aseme sentensi moja tu: kwamba hakuwahi kumpenda huyo mumewe.

Anayeidai sentensi hiyo ni Jay Gatsby. Riwaya ya F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby, ilichapishwa tarehe 10 Aprili 1925, na tangu hapo wasomaji wameizungumzia zaidi kwa karamu zake, kwa lile gari la manjano, na kwa taa ya kijani inayowaka ng'ambo ya ghuba. Mimi naomba tubaki chumbani humu. Risasi inayomuua Gatsby siku ya pili yake inafyatuliwa na mtu aliyedanganyika. Kilichomwangusha kilitokea hapa, kwa maneno matupu, bila mtu kunyoosha mkono.

Kiswahili kimenisaidia kukiona kisa hiki kwa namna ambayo sikukiona nilipokisoma mara ya kwanza. Tunaposema "sikuwahi kumpenda", kitenzi tunachokitumia ni kile kile cha kuwahi basi, kuwahi sala, kuwahi chakula kabla hakijaisha. Ndani ya neno hilo mna saa. Na anayelidai ni mtu aliyechelewa. Gatsby alirudi kutoka vitani akakuta Daisy ameshaolewa na Tom Buchanan, wako fungate. Hakuwahi. Kila alichokifanya baada ya hapo, mali, jumba, karamu, ni jitihada ya kuuvua uchelewaji huo mwilini mwake na kumvisha mume: ionekane kwamba ni Tom ambaye hakuwahi kufika kwenye moyo wa Daisy, hata siku ya harusi, hata usiku mmoja.

Alizaliwa James Gatz, huko North Dakota, kwa wazazi wakulima wasio na mbele wala nyuma. Akiwa na miaka 17 alikuwa akibangaiza kando ya Ziwa Superior, mara avue samaki, mara achimbe chaza, ndipo siku moja akaiona mashua ya kifahari ya tajiri Dan Cody ikitia nanga mahali pabaya. Aliazima mtumbwi, akapiga makasia kwenda kumwonya kwamba upepo ungeivunja mashua yake. Alipoulizwa jina akasema Jay Gatsby. Alikaa na Cody miaka mitano, na Cody alipofariki alimwachia dola 25,000. Hakupata hata senti. Kwa hila za kisheria ambazo hakuzielewa hata siku moja, fedha zote zilikwenda kwa mwanamke aliyekuwa na Cody. Kijana akabaki na mwendo wa tajiri na mfuko wa maskini. Naona wachambuzi wengi huupita haraka mkasa huu, ilhali ndipo Gatsby alipojifunza kwamba karatasi halali inaweza kukunyang'anya haki yako mchana kweupe. Baadaye anapochuma kwa njia zisizo halali, sioni mahali popote katika riwaya anapohisi kwamba amemkosea mtu.

Mwaka 1917 yuko Louisville, Kentucky, luteni katika kambi ya jeshi ya Camp Taylor. Daisy Fay ana miaka 18, ana gari jeupe la viti viwili, na simu ya kwao hailali kwa maofisa wanaoomba walau saa moja ya jioni yake. Gatsby aliingia katika nyumba ile kwa sababu ya sare. Sare ya jeshi humsitiri mtu, haioneshi kilichomo mfukoni. Alimwacha Daisy aamini kwamba wametoka tabaka moja, na kwamba angeweza kumtunza. Riwaya haimtetei kwa hilo. Inasema wazi kwamba alichukua alichoweza kuchukua, kisha akajikuta amenaswa yeye. Alidhani angeondoka zake, kumbe moyo umefungwa kamba.

Watu huuliza kama Gatsby alimpenda Daisy au aliupenda utajiri wa Daisy. Swali hili halikatiki mara mbili kama muwa. Nyumba ile ya Louisville ilimshangaza kabla mwenyewe hajamzoea msichana, vyumba vyake vya juu alivyovidhania kuwa na ubaridi na uzuri usiopatikana kwingine. Hata habari kwamba wanaume wengi walishampenda Daisy ilimpandishia Daisy thamani machoni pake. Na mchana wa siku ile ya Plaza, kabla hawajaondoka kwenda mjini, Nick Carraway, jirani yake na msimulizi wetu, anahangaika kuieleza sauti ya Daisy, ina nini hasa. Gatsby anamkatiza: "Sauti yake imejaa fedha." Tom hangeweza kulisema hilo, kwa sababu aliyezaliwa ndani ya fedha haisikii sauti yake. Anayeisikia ni yule aliyesimama nje ya uzio utotoni. Gatsby hakuwa mjinga kuhusu alichokipenda. Alikijua kwa jina.

Kisha vita vikamchukua. Alipigana vizuri msitu wa Argonne, huko Ufaransa, akapanda cheo, na vita vilipokwisha Novemba 1918 badala ya kurudishwa nyumbani akapelekwa chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, miezi mitano, nafasi waliyopewa baadhi ya maofisa. Miezi hiyo ndiyo iliyomgharimu. Daisy alitaka maisha yake yapate umbo, na yapate sasa, na mkono wa kuyapa umbo ukawa wa mtu aliyekuwa karibu. Tom Buchanan alishuka kutoka Chicago Juni 1919 na wageni 100 katika mabehewa manne ya binafsi, akakodi ghorofa nzima ya hoteli, na siku moja kabla ya harusi akampa bibi harusi mkufu wa lulu wa dola 350,000.

Usiku huo Jordan Baker, rafiki yake, alimkuta Daisy kitandani amelewa, jambo ambalo hakulizoea, chupa ya mvinyo mkono mmoja na barua mkono wa pili. Lulu alikuwa amezitupa kwenye kapu la taka. Alitaka warudishiwe wenyewe, waambiwe Daisy ameghairi. Walimtia kwenye maji baridi, na barua hakuiachia. Aliingia nayo bafuni, akaifinya mpaka ikawa donge la maji, na akakubali kuiweka kando alipoona inasambaratika kama theluji. Nusu saa baadaye lulu zilikuwa shingoni, na kesho yake saa kumi na moja jioni akaolewa bila hata kutetemeka. Hatuambiwi barua ilitoka kwa nani. Hatuhitaji kuambiwa.

Kama Jordan angeishia hapo, Gatsby angekuwa na kesi. Lakini Jordan anaendelea, na maneno yake yanayofuata ndiyo ninayoyaona kuwa ushahidi mzito kuliko wote katika riwaya nzima, ingawa hayanukuliwi sana. Aliwaona Tom na Daisy huko Santa Barbara, California, walipotoka fungate ya miezi mitatu. Anasema hajapata kumwona mwanamke aliyemwehukia mumewe namna ile. Tom akitoka chumbani dakika moja, Daisy anatazama huku na huku, anauliza Tom amekwenda wapi. Alikaa mchangani na kichwa cha mumewe mapajani, akimpapasa macho kwa vidole. Wiki moja baada ya Jordan kuondoka, Tom alipata ajali ya gari usiku, na aliyevunjika mkono kando yake alikuwa mhudumu wa vyumba wa hoteli. Kwa hiyo Daisy alimpenda, na akaumizwa na aliyempenda, ndani ya kiangazi kimoja. Msomaji anaingia Plaza akiwa anajua jibu. Gatsby hajui, maana hakuna aliyethubutu kumweleza.

Fitzgerald aliyajua haya kwa ngozi yake. Mwaka 1918, akiwa luteni kambini karibu na Montgomery, Alabama, alimpenda Zelda Sayre. Mwaka uliofuata Zelda alivunja uchumba kwa sababu kijana hakuwa na kitu. Fitzgerald akarudi kwa wazazi Minnesota, akaandika upya riwaya yake ya kwanza. Ikatoka tarehe 26 Machi 1920, ikanunuliwa sana, na tarehe 3 Aprili wakafunga ndoa New York. Yeye aliwahi. Ninapomsoma Gatsby huwa namwona mwandishi akimtazama mtu ambaye angekuwa yeye kama kitabu kingechelewa mwaka mmoja.

Gatsby alirudi Marekani na mshahara wake wa mwisho wa jeshi, akautumia kwenda Louisville kutembea peke yake wiki nzima katika mitaa waliyotembea pamoja. Alipofika New York alikuwa na njaa na bado amevaa sare, kwa sababu hakuwa na nguo nyingine. Aliyemwokota alikuwa mcheza kamari mkubwa, yule ambaye riwaya inasema ndiye aliyepanga matokeo ya fainali za besiboli za 1919. Alimlisha, na Gatsby akala chakula cha zaidi ya dola nne kwa nusu saa. Huo ndio mlango wa utajiri wake. Kuanzia tarehe 17 Januari 1920 sheria ya Marekani ilipiga marufuku kutengeneza, kusafirisha na kuuza pombe, lakini ikaacha upenyo: daktari aliweza kuandika wiski kama dawa, na duka la dawa likaiuza. Gatsby na mwenzake walinunua maduka ya dawa ya vichochoroni, New York na Chicago, wakauza pombe juu ya kaunta. Ilimchukua miaka mitatu, kwa kauli yake mwenyewe, kupata fedha za kununulia jumba la West Egg, huko Long Island. Alilichagua kwa sababu moja. Lilitazamana na la Daisy, maji tu katikati.

Sasa tazama alichokitaka kwa mali yote ile. Ingekuwa ni mapenzi peke yake, angekuwa amekwisha kuyapata. Tangu siku ile ya mvua walipokutana tena kwenye kibanda cha Nick, Daisy alikuwa akija kwake mara kwa mara mchana. Alilia kwa kuona mashati yake yalivyo mazuri. Siku ile ya joto alimwambia Gatsby mbele ya watu kwamba yeye daima anaonekana hana joto, na kwa namna alivyolisema Tom akang'amua kila kitu. Daisy alikuwa tayari kuwa wake. Lakini Gatsby alitaka amwendee Tom na kumwambia "sikukupenda kamwe", na baada ya kuifuta miaka ile kwa sentensi hiyo, warudi Louisville waoane wakitokea nyumbani kwa kina Daisy, kama vile ni miaka mitano iliyopita. Nick alimwonya asimdai makubwa, kwamba yaliyopita hayarudiwi. Gatsby akamshangaa: hayarudiwi vipi? Yanarudiwa! Wahenga wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki. Huyu aliamini yanazoleka ukiwa na mtungi wa kutosha.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa kipingamizi cha sentensi hiyo kwa kuwapo tu, naye hafiki Plaza. Kabla ya chakula cha mchana, yaya alimleta binti mdogo wa Daisy sebuleni awasalimie wageni. Gatsby alimshika mkono, kisha akawa anamtazama kwa mshangao. Nick anaona kwamba kabla ya hapo Gatsby hakuwa ameamini hasa kwamba mtoto huyo yupo. Nimesoma ukurasa huo mara nyingi. Mtu amekusanya magazeti miaka kadhaa akitafuta jina la mwanamke, amejenga maisha yake yote kumwelekea, na hajawahi kukaa chini akafikiria kwamba mwanamke huyo amezaa. Mapenzi ya namna hii humtazama mpenzi kwa nguvu mpaka yasimwone.

Turudi chumbani. Tom anaanza kwa kumhoji Gatsby kuhusu Oxford, na Gatsby anajibu kweli tupu, miezi mitano, 1919. Hapo Nick anatamani kumpigapiga mgongoni kwa furaha. Kisha mambo yanafunguka. Gatsby anasema: mkeo hakupendi, hakuwahi kukupenda, aliolewa nawe kwa sababu mimi nilikuwa maskini na akachoka kunisubiri. Tom anacheka, anasema Daisy alimpenda siku ya ndoa na anampenda hata sasa, na kwamba yeye huteleza mara mojamoja lakini hurudi. Daisy anamwambia kwamba anachukiza. Ni wakati wa Gatsby, na anautumia hivi: anakwenda kusimama karibu yake, anamwambia yale yamekwisha, mwambie tu kweli, kwamba hukumpenda kamwe, na yote yatafutika milele.

Neno ni "yatafutika". Hajamwambia twende, wala hajamuuliza anataka nini.

Daisy anajaribu kwanza kuuliza swali badala ya kujibu: ningempendaje mtu kama huyo? Gatsby anasisitiza: hukuwahi kumpenda. Anasita. Anawatazama Jordan na Nick kana kwamba anaomba msaada, kana kwamba ndiyo kwanza anatambua anachofanya na kwamba hakukusudia kufanya lolote. Halafu analisema, kwa shingo upande: sikuwahi kumpenda. Gatsby amelipata neno lake. Limedumu kwa muda wa pumzi mbili.

Tom anamuuliza jambo dogo. Hata kule Kapiolani, Hawaii? Hapana, anajibu Daisy, na muziki wa harusi unazidi kupanda kutoka ukumbini. Hata siku ile nilipokubeba kushuka Punch Bowl ili viatu vyako visilowe? Sauti ya Tom imelainika ghafla, imekuwa ya mume. Nasikitika kukiri kwamba ni swali la mtu mwenye akili. Gatsby ana jumba na mashati na miaka mitano ya kungoja, na Tom, mzinzi anayetumia mabavu, ana kumbukumbu ya viatu vikavu. Ndoa, hata mbovu, huwa na vitu kama hivyo, na aliye nje hawezi kuvinunua. Daisy anasema "tafadhali usi...", sauti yake imekwisha kupoa. Anajaribu kuwasha sigara, mkono unatetemeka, anaitupa sigara pamoja na njiti inayowaka kwenye zulia.

Ndipo anamgeukia Gatsby na kusema: unataka makubwa mno. Nakupenda sasa, haitoshi? Yaliyopita siwezi kuyabadilisha. Niliwahi kumpenda, lakini nilikupenda na wewe pia.

"Sikuwahi" imegeuka "niliwahi", na pamoja nayo limekuja neno jingine dogo, "pia". Gatsby anafumbua macho na kuyafumba. "Ulinipenda na mimi *pia*?" Mwanamke amemwambia kwa kinywa chake kwamba anampenda sasa, mbele ya mumewe, na yeye hakulisikia "sasa". Amesikia "pia" peke yake. Kwa mtu mwingine yeyote hapo ndipo ushindi ulipokuwa. Alikuwa na uwezo wa kumshika mkono wakatoka. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha tanzia yake: alipewa mtu, akaendelea kudai historia.

Anaomba azungumze na Daisy faraghani. Daisy anamjibu kwamba hata wakiwa peke yao hawezi kusema hakumpenda Tom, haitakuwa kweli. Wasomaji wengi humlaani Daisy, na kwa aliyoyafanya baada ya saa moja jioni wana haki. Lakini katika chumba kile ndiye pekee aliyesema kweli iliyomgharimu. Tom anasema ataanza kumtunza vizuri. Uongo. Gatsby anasema Daisy anamwacha mumewe. Hajamuuliza. Daisy peke yake ndiye anayekubali kwamba moyo wake ulikwenda sehemu mbili, na hakuna mwanamume kati ya wale wawili anayetaka mwanamke wa namna hiyo.

Tom anatoa silaha ya pili. Amefanya uchunguzi, anajua habari za maduka ya dawa, anajua kuna jambo jingine kubwa zaidi ambalo watu wanaogopa kulitaja. Hapa mali inaingia kwenye kesi ya mapenzi waziwazi. Kumbuka chupa ile kwenye taulo. Ni ya Tom. Ametoka nayo nyumbani, na mtu fulani alimuuzia, mtu wa aina ya Gatsby. Sheria ile ilimlenga muuzaji, haikumgusa mnywaji. Tom anaweza kumtukana mwenzake kwa kuuza pombe huku yake ikiwa mezani, na hakuna mtu chumbani anayeona ajabu, kwa sababu mali ya urithi haiulizwi ilitoka wapi. Waliokwisha kusahau jinsi ilivyochumwa ndio wanaoitwa watu wa heshima. Ya Gatsby ina miaka mitatu tu, bado inanuka mahali ilipotoka.

Daisy anashtuka. Gatsby anaanza kujieleza kwa haraka, anakana kila kitu, anajitetea hata kwa mashtaka ambayo hakuna aliyeyataja, na kila neno analolisema linamfanya Daisy azidi kujikunja ndani ya nafsi yake. Naelewa. Mwaka 1917 Gatsby alimwacha aamini kwamba yuko salama, akawa si kweli. Sasa anagundua usalama wa mara hii nao umejengwa juu ya jambo ambalo polisi wanaweza kulibomoa asubuhi moja. Si ushujaa kumkimbia mpenzi kwa sababu hiyo, lakini ni woga wa binadamu. Anamwomba Tom waondoke. Tom ana uhakika wa ushindi kiasi kwamba anawaambia Daisy na Gatsby watangulie pamoja, katika gari la Gatsby. Halafu anaviringisha wiski kwenye taulo tena. Chupa haikufunguliwa. Nick anakumbuka kwamba leo ametimiza miaka 30.

Yaliyofuata yanajulikana. Daisy alishika usukani ili kutuliza neva, akamgonga Myrtle Wilson, hawara wa mumewe, akamuua, na hakusimama. Gatsby alikata shauri kusema aliyekuwa akiendesha ni yeye. Usiku alisimama nje ya nyumba ya Buchanan kumlinda Daisy asije akadhuriwa, wakati jikoni Daisy na Tom walikaa na kuku baridi wa kukaanga na chupa mbili za bia, mkono wa mume juu ya wa mke, hawana furaha wala huzuni, wakipanga.

Alfajiri, akizungumza na Nick, Gatsby alifanya jambo linaloniumiza kuliko kifo chake. Alianza kupunguza bei. Labda, alisema, Daisy alimpenda Tom dakika moja tu, walipooana, na hata hapo alinipenda mimi zaidi. Kutoka "kamwe" ameshuka mpaka "dakika moja". Ukimpa mwaka mmoja zaidi nadhani angefika mahali pa kuweza kuishi. Hakupewa. Mchana alimwacha mtumishi karibu na simu, akaenda kuogelea katika bwawa ambalo hakulitumia kiangazi chote, na George Wilson, mume wa Myrtle, akamfuata na bastola, akiwa ameelekezwa gari lile ni la nani. Daisy hakupiga simu. Alikuwa amekwisha kuondoka na Tom, bila kuacha anwani, wala hakutuma ua.

Aliyekuja ni baba. Gatsby alimwambia Nick zamani kwamba jamaa zake wote wamekufa, lakini Henry Gatz alisoma habari katika gazeti la Chicago akapanda treni kutoka Minnesota. Alikuwa na picha ya jumba la mwanawe pochini, imechakaa kwa kushikwashikwa, na alimwonesha Nick picha hiyo wakiwa wamesimama ndani ya jumba lenyewe. Alikuwa na kitabu cha utotoni pia. Jalada la mwisho ndani yake James Gatz alikuwa ameandika ratiba, tarehe 12 Septemba 1906: kuamka saa kumi na mbili asubuhi, mazoezi ya viungo, kusoma umeme, kazi, kujifunza kuzungumza vizuri na jinsi ya kujiweka. Chini yake maazimio. Asipoteze muda. Asome kitabu kimoja chenye manufaa kila wiki. Aweke akiba ya dola tano kwa wiki, tano imekatwa, imeandikwa tatu. La mwisho, awatendee wema zaidi wazazi wake.

Hili la mwisho alilitimiza. Miaka miwili kabla ya kufa alikwenda kumwona mzee akamnunulia nyumba. Ni deni pekee la zamani ambalo Gatsby alilipa lote, na hakumsimulia mtu.

Mzee Gatz alimsomea Nick orodha ile kwa sauti, azimio baada ya azimio, akimtazama usoni kila anapomaliza moja, kama anayetarajia mwenzake atoe kalamu anakili. Kisha mchungaji akafika. Mzee akawa anachungulia dirishani kuona kama kuna magari mengine yanakuja. Mchungaji akaitazama saa yake mara kadhaa, Nick akamvuta pembeni, akamwomba asubiri nusu saa zaidi. Nusu saa ikapita. Hakuja mtu.